Padre Mfaransa na Chembe Zisizoonekana

Mkulima wa kahawa wa Ruiru au wa Thika atiapo mrututu katika pipa la maji ili anyunyizie mibuni yake, huwa ameshika mkononi swali lililowasumbua wenye hekima kwa zaidi ya miaka elfu mbili, ingawa yeye ana haraka ya kumaliza kazi kabla mvua haijanyesha. Gramu 200 tu za mrututu, kadiri ya kikombe kidogo, hulitia rangi ya samawati pipa la lita 20, wala hapana tone moja katika pipa lile lililokosa sehemu yake. Basi mrututu ule umegawanyika mara ngapi? Je, waweza kugawanyika tena na tena pasipo mwisho, au hufika mahali ukakoma, ikabaki chembe moja ndogo isiyokatika tena?

Wayunani wa kale waliligombania swali hili. Democritus, na baada yake Epicurus aliyefariki Athens mwaka 270 kabla ya Kristo, walisema ya kuwa kila kitu kimeumbwa kwa chembe ndogo zisizokatika, nazo husafiri katika nafasi tupu. Aristotle alikataa. Yeye alisema hapana nafasi tupu popote duniani, na kwamba kitu chaweza kugawanywa bila kikomo. Aristotle ndiye aliyeshinda, na maneno yake yakafundishwa katika shule za Ulaya karne nyingi kana kwamba ni sheria. Mtu aliyezifufua chembe za Epicurus, akazipa nafasi ya heshima katika elimu ya Ulaya, alikuwa padre wa Kifaransa, mtoto wa wakulima, jina lake Pierre Gassendi.

Wafaransa si wageni katika habari za kahawa ya Kenya. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu ndio waliopanda mibuni Bura katika nchi ya Taita mwaka 1893, kisha St. Austin's karibu na Nairobi, na aina ile ya mbuni iliitwa French Mission kwa ajili yao. Hata ile dawa ya mrututu uliochanganywa na chokaa, ambayo wakulima wa mizabibu wa Bordeaux walianza kuitumia katika miaka ya 1880, jina lake ni la mji wa Kifaransa. Lakini Gassendi alitangulia hayo yote. Alizaliwa tarehe 22 Januari 1592 katika kijiji cha Champtercier karibu na mji wa Digne, kusini ya Ufaransa, nchi ya milima, kondoo na mashamba madogo.

Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alibishana na wenzake usiku mmoja wa mbalamwezi. Wao walisema mwezi ndio unaokimbia nyuma ya mawingu. Yeye alisema mawingu ndiyo yanayokwenda. Hakupoteza maneno mengi. Aliwachukua chini ya mti, akawaambia wautazame mwezi kati ya majani. Wakaona ya kuwa mwezi umekaa pale pale katikati ya majani yale yale, na mawingu yanapita. Kama hadithi hii ni ya kweli kabisa au imetiwa chumvi kidogo na waliompenda, haidhuru. Ndivyo alivyofanya kazi yake maisha yake yote.

Alikuwa mwepesi wa kusoma mno. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alikuwa mwalimu katika shule ya Digne, na mwaka 1614 alipata shahada ya juu ya elimu ya dini huko Avignon, kisha akapewa upadre. Baadaye alifundisha falsafa katika mji wa Aix. Kazi yake ilikuwa kufundisha Aristotle, naye alifundisha. Ila kila alipomaliza somo aliwaonyesha wanafunzi wake mahali ambapo Aristotle hakubaliani na mambo yaonekanayo kwa macho. Mwaka 1624 alitoa kitabu chake cha kwanza, nacho kilikuwa kitabu cha kuwapinga wafuasi wa Aristotle.

Mwaka ule ulikuwa wa hatari. Watu watatu mjini Paris walitangaza ya kuwa watasimama mbele ya watu kutetea maneno yaliyompinga Aristotle, na habari ya chembe ilikuwa mojawapo. Mahakama Kuu ya Paris ikayapiga marufuku maneno yao, ikawafukuza mjini, na ikaagiza kwamba mtu yeyote atakayefundisha kinyume cha wenye hekima wa kale waliokubaliwa, adhabu yake ni kifo. Gassendi alikuwa amekwisha kuandika sehemu ya pili ya kitabu chake. Aliiweka ndani ya sanduku, wala haikupigwa chapa hata alipokwisha kufa. Wako watakaosema ya kuwa alikuwa mwoga. Lakini yeye hakuacha kazi. Aliacha kelele tu. Aliona afadhali kuyasema mambo polepole akiwa na vipimo mkononi, kuliko kuyasema kwa haraka na kunyamazishwa.

Kipimo chake kilichomletea sifa kwanza kilikuwa cha mbinguni. Kepler, bingwa wa nyota wa Ujerumani, alikuwa amepiga hesabu akasema ya kuwa tarehe 7 Novemba 1631 sayari ya Utaridi itapita mbele ya jua. Kepler mwenyewe alikufa mwaka 1630, asiione siku hiyo. Hapakuwa na mtu aliyepata kuona jambo kama hilo tangu dunia kuumbwa, au kama alikuwako hakujua alichokiona. Gassendi alikuwa Paris. Alikitia giza chumba chake, akaipitisha nuru ya jua ndani ya darubini ianguke juu ya karatasi nyeupe aliyoichora duara na vipimo. Mawingu yalimsumbua siku mbili. Jua lilipotokea, aliona kidoa cheusi kidogo sana. Kwa kuwa alitazamia sayari iliyo kubwa kuliko vile, alidhani ni mojawapo ya madoa ambayo jua huwa nayo siku zote. Lakini kidoa kile kilikwenda upesi, na madoa ya jua hayaendi hivyo. Ndipo alipotambua. Utaridi ulikuwa mdogo mara nyingi kuliko wataalamu wote walivyofikiri, na hesabu ya marehemu Kepler ilikuwa imekosea kwa saa chache tu. Mwezi uliofuata alingojea Zuhura nayo ipite vivyo hivyo, asione kitu, kwa sababu ilipita wakati Paris ni usiku.

Jaribio lake la pili mtu aweza kulifanya katika gari la moshi, na reli ya kwenda Thika imekuwako tangu mwaka 1913. Abiria aliyesimama ndani ya behewa, gari likiwa limetoka stesheni ya Ruiru na kushika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na achukue chungwa aliachilie lianguke kutoka usawa wa kifua chake. Chungwa hutumia kadiri ya nusu ya sekunde kufika chini, na katika nusu hiyo behewa limekwisha kusogea zaidi ya mita tano. Je, chungwa litaanguka mita tano nyuma, juu ya mapaja ya mama aliyeketi na kikapu chake? Kila mtu ajua ya kuwa litaanguka miguuni pake mwenyewe.

Leo kila mtu ajua. Mwaka 1640 wenye elimu walikuwa wakibishana juu ya jambo hili hili, na ubishi wenyewe haukuwa wa mchezo. Copernicus alikuwa amesema ya kuwa dunia huzunguka. Wapinzani wake walijibu hivi: kama dunia ingezunguka, jiwe lililoangushwa kutoka juu ya mnara lingeachwa nyuma, kwa kuwa mnara ungekuwa umekwisha kuondoka. Mtu wa Thika, aliye karibu na mstari wa ikweta, huchukuliwa na dunia kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Kwa hoja ya watu wale, embe lililodondoka mtini Thika lingeanguka mbali sana upande wa magharibi! Gassendi hakubishana. Alikwenda Marseille, na kwa msaada wa gavana wa nchi ile akapata merikebu ya vita ya makasia. Wavuta makasia wa merikebu hizo wengi walikuwa wafungwa waliotiwa minyororo, na historia haikuandika majina yao ingawa bila mikono yao jaribio lisingalifanyika. Walivuta kwa nguvu zao zote, na mtu aliyepanda mlingotini akaliachilia jiwe. Likaanguka chini ya mlingoti ule ule, kama vile merikebu imetia nanga. Habari hiyo aliitoa katika kitabu mwaka 1642, akieleza ya kuwa kitu kilichokwisha kusukumwa, kama hakuna kinachokizuia, huendelea na mwendo wake sawasawa katika mstari ulionyoka.

Jambo hili halikuthibitisha kwamba dunia huzunguka. Liliondoa tu hoja iliyosema kwamba haiwezi. Gassendi alijua tofauti hiyo, tena alijua hatari yake, maana Galileo, aliyekuwa akiandikiana naye barua, alihukumiwa Roma mwaka 1633. Kwa hiyo aliandika ya kuwa yeye kama padre alitii amri ya kanisa lake, kisha akaliacha jiwe lijisemee lenyewe.

Hakufaulu katika kila jambo. Alitaka kujua kasi ya sauti, akaamuru mzinga na bunduki vipigwe mbali, naye akahesabu muda uliopita kati ya kuona moto na kusikia mshindo. Mkulima akiwa shambani huifanya hesabu hiyo hiyo anapoona umeme upande wa Ol Donyo Sabuk kisha akangoja ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Gassendi alipata mita 478 kwa sekunde, na kweli yenyewe ni kama 340. Alikosea sana. Lakini katika kosa lile alipata jambo moja la kweli, ya kuwa sauti nene ya mzinga na sauti nyembamba ya bunduki husafiri kwa kasi moja. Wafuasi wa Aristotle walikuwa wakisema sivyo.

Hata hivyo kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Epicurus. Yahitaji kueleweka jinsi jina la Epicurus lilivyokuwa baya. Mwenye hekima huyo alisema miungu haishughuliki na wanadamu, na roho hufa pamoja na mwili. Tena watu walimzulia kuwa alikuwa mlafi na mlevi. Padre kumtetea mtu kama huyo lilikuwa jambo la ajabu. Gassendi alisoma kila kipande cha maandishi kilichosalia, miaka zaidi ya ishirini, akaonyesha ya kuwa Epicurus aliishi kwa mkate na maji. Kisha akazichukua chembe zake na kuzitenga na yale ambayo Mkristo hawezi kuyakubali. Epicurus alisema chembe zimekuwako milele, wala hazihesabiki; Gassendi alisema Mungu ndiye aliyeziumba, zina idadi yake, naye ndiye aliyezitia mwendo. Na roho ya mtu aliitoa kabisa katika hesabu ya chembe, akasema haifi. Wako waliomshuku kwamba alifanya hivyo kwa hila tu ili apate ruhusa. Maisha yake, ambayo hakuna aliyeyaonea doa, hayaonyeshi hila.

Ulaya haikuwa peke yake katika fikira hizi. Wanazuoni wa Kiislamu wa Basra na Baghdad, karne nyingi kabla ya Gassendi, walifundisha ya kuwa vitu vyote ni chembe zisizogawanyika, na chembe hiyo waliiita al-jawhar al-fard. Neno jawhar ndilo lile lile lililofika pwani ya Afrika Mashariki, nalo Waswahili huliita johari. Wanazuoni hao nao walikuwa watu wa dini, nao walisema Mungu ndiye azishikaye chembe hizo.

Gassendi alitaka watu waone jinsi chembe zilivyo ndogo, akatoa mfano wa utitiri, yule mdudu ambaye jicho humwona kwa shida. Mdudu huyo ana miguu, na miguu ina viungo. Ana tumbo, na tumbo husaga chakula. Basi kama kitu kisichoonekana vizuri kina sehemu nyingi namna hiyo zinazofanya kazi, je, vitu vilivyoziunga sehemu hizo ni vidogo kadiri gani? Alisema pia ya kuwa chembe hukutana zikafanya vifungu vidogo, na kwamba vifungu hivyo ndivyo vinavyofanya vitu viwe na namna mbalimbali. Kwa vifungu hivyo alitumia neno la Kilatini, molecula, ambalo wanakemia wanalo hata leo.

Mkulima wa kahawa hana haja ya kusadiki kwa shida. Ugonjwa wa chulebuni, ulioonekana Kenya kwanza mwaka 1922, huletwa na ukungu ambao mbegu zake hazionekani bila hadubini, na mbegu hizo huozesha buni changa za shamba zima. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Ruiru ndiyo iliyozaa mbuni uitwao Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ambao huuhimili ugonjwa huo. Na dawa za shaba huua mbegu hizo kwa chembe zilizo ndogo zaidi kuliko mbegu zenyewe.

Juu ya nafasi tupu pia Gassendi alipata ushahidi. Torricelli wa Italia alikuwa ameonyesha mwaka 1643 ya kuwa bomba la kioo lililojazwa zebaki na kupinduliwa huacha nafasi juu yake, na mwaka 1648 Wafaransa walilipandisha bomba kama hilo juu ya mlima Puy de Dôme, zebaki ikashuka. Gassendi, pamoja na mwanafunzi wake François Bernier, alilifanya jaribio hilo karibu na Toulon mwaka 1650. Pwani ya Mombasa zebaki husimama sentimita 76. Thika, iliyo mita 1,500 hivi juu ya bahari, husimama kama 63 au 64, kwa kuwa hewa iliyo juu yake ni kidogo zaidi. Ndiyo sababu maji ya Thika huchemka katika digrii 95 badala ya 100, na maharagwe yake hukawia kuiva kuliko ya Mombasa, jambo ambalo kila mpishi aliyehama kutoka pwani amelilalamikia.

Na Descartes, mwanafalsafa mwenzake, walipigana kwa kalamu vikali. Descartes alisema mtu aanze na akili yake na kuyashuku macho. Gassendi alisema akili isiyoanza na macho haina cha kufikiri. Walipatana mwaka 1648. Mwaka 1645 alikuwa amefanywa profesa wa hesabu katika Chuo cha Mfalme mjini Paris, lakini mapafu yake yalikuwa mabovu, akarudi kusini kutafuta jua. Alipougua mara ya mwisho huko Paris, waganga walimtoa damu mara nyingi, kama ilivyokuwa desturi, naye akazidi kudhoofika. Alikufa tarehe 24 Oktoba 1655. Vitabu vyake vyote vilichapwa Lyon mwaka 1658 katika majuzuu sita makubwa, na ile sehemu iliyofichwa tangu mwaka 1624 ikatoka humo.

Bernier aliyekuwa kando ya kitanda chake alisafiri. Alipita Misri, akashuka Bahari ya Shamu hata Mocha, bandari ambayo kahawa ya Yemen ilitokea kwenda duniani. Nia yake ilikuwa kuvuka kwenda Gondar, mji wa mfalme wa Uhabeshi; akaonywa kwamba Mkatoliki hana usalama huko tangu mapadre Wajesuiti walipofukuzwa. Akapanda chombo cha Wahindi, akafika Surat baada ya siku 22. Huko India akawa mganga katika baraza la Mfalme Mkuu, na kwa miaka kadhaa alimweleza bwana wake kwa lugha ya Kiajemi falsafa ya Gassendi na ya Descartes. Lau asingalionywa Mocha, huenda chembe za Gassendi zingalielezwa kwanza katika Afrika.

Ilichukua miaka mingine 250 na zaidi kabla ubishi kwisha. Mwaka 1908 Mfaransa mwingine, Jean Perrin, alihesabu chembe kwa kutazama vumbi laini likitetemeka ndani ya maji, na mwaka 1926 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa hesabu ya namna hiyo, tone moja la lile pipa la mrututu lina chembe za shaba zaidi ya milioni moja za milioni za milioni. Wakati huo huo ilionekana ya kuwa Gassendi alikosea mahali: chembe zenyewe zina kiini ndani na hukatika, na baridi haina chembe zake za pekee kama alivyodhani.

Mwenye kutaka kuona mwendo wa chembe bila chombo chochote na achukue msumari safi wa chuma, autie katika maji ya mrututu yaliyo ndani ya gilasi, angoje kidogo. Msumari utavaa koti jekundu la shaba, kwa kuwa chembe za chuma huingia majini na zile za shaba hushika mahali pake. Kwa sababu hiyo hiyo mrututu hautiwi katika debe la chuma, bali katika pipa la plastiki au la mti.

Na Utaridi utapita tena mbele ya jua siku ya Jumamosi, tarehe 13 Novemba 2032. Kwa saa za Kenya utaanza kuingia saa 3 na dakika 41 asubuhi, na kutoka saa 8 na dakika 7 mchana, jua likiwa juu kabisa ya Thika na Ruiru, mawingu ya Novemba yakikubali. Jua lisitazamwe kwa macho, wala kwa darubini, maana litapofusha. Nuru yake na ipitishwe katika darubini ianguke juu ya karatasi nyeupe, kama alivyofanya padre yule katika chumba chake chenye giza.